Leseni E: kaangalie lori kwanza, chuo baadae

Kijana wa dada yangu kanipigia juzi usiku, anko nimepata chuo, wiki mbili tu natoka na cheti cha magari makubwa, na ada yao ya kawaida sana. Nikamuuliza swali moja tu, wanafundishia gari gani? Kimya. Afu akasema "ni lori tu anko, lori la kawaida". Hapo nikajua mambo yameharibika tayari. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima na nikaona bora niandike kabisa, maana madogo wanaotoka kwenye boda, kwenye Noah na kwenye utingo wananiuliza kitu hiki hiki kila siku na wote wanaanza na bei ya chuo, hamna anayeanza na gari.

Mi mwenyewe nililipia ujinga huo. Nilisoma kachuo kamoja hapa Dar, jina tuliache, walikuwa na Fuso moja lenye bodi limebonyea na humo ndo tulijifunzia "heavy". Cheti nikapata, mtihani wa trafiki nikafanyia kwenye Fuso hilo hilo, E, daraja la magari mazito, ikaingia kwenye kadi. Nikaenda kuomba kazi yadi moja ya Vingunguti. Mzee wa pale wala hakuuliza cheti, kanirushia funguo, litoe lile Scania pale ukutani, lizungushe, ulirudishe hapo hapo kinyumenyume. Kutoka nilitoka vizuri tu. Kurudi sasa! Nakata kulia tela linaenda kushoto, nakata kushoto linakunja zaidi, mwisho kichwa na tela vikawa vinatazamana kama mtu na mke wake wamenuniana. Utingo mmoja alikuwa kakaa juu ya tairi anakula muhogo, akaniambia kwa upole kabisa, "kaka we shuka tu". Nikashuka. Baada ya hapo nimekula utingo miezi minane mingine nikiwa na leseni E mfukoni.

Haya, twende taratibu.

Kabla ya yote, unataka kubeba nini?

Hili watu wanaliruka. Kama ndoto yako ni tipa la mchanga na kokoto hapa hapa mjini basi lori la tairi kumi lisilo na tela linakutosha kujifunzia, usipoteze hela ya semi, yaani kichwa na tela. Kama unataka transit, yaani Tunduma, Zambia, Kongo, au Rusumo kwenda Rwanda, hapo lazima ujifunze kwenye kichwa na tela, hamna njia ya mkato. Kontena za bandarini kwenda ICD, yaani bandari kavu, nazo ni semi, na hizo zina kazi ya kurudi nyuma kuliko hata za safari maana unaingia kwenye viyadi vya ajabu. Tenka la mafuta usilifikirie kwa sasa, ni gari la mtu aliyekwisha zoea, mafuta yanacheza ndani ukifunga breki ghafla na yanakusukuma mbele.

Na uliza mambo ya madaraja ya leseni kwa watu wenyewe, TRA na trafiki, sio kwa mwenye chuo. D ndo ya magari madogo, E ndo ya magari mazito, na huwezi kutoka lena, leseni ya mwanafunzi, ukaruka moja kwa moja mpaka E, kuna muda wa kukaa na D kwanza. Mwenye chuo anataka ada yako leo, atakwambia "tutajua namna". Namna hiyo ndo inayokuja kukutoa jasho siku bima inakagua leseni yako baada ya ajali.

Hatua ya 1: nenda ukalione lori, na usitoe taarifa

Nenda asubuhi kabla hawajaanza. Kwa nini asubuhi, kwa sababu lori lililolala usiku linasema ukweli, upepo umeshuka, oili imedondoka chini kama inavuja, betri imechoka kama imechoka. Ukienda saa nne wameshalishtua, wameshalisukuma, wameshafuta futa, utaona gari zuri.

Zunguka kwanza kwa mguu. Tairi za mbele zikiwa zimelika upande mmoja au zina vipara, ondoka, hizo ndo zinashika stelingi. Angalia mira zote, yaani vioo vya pembeni, hasa za kushoto, maana sisi dereva anakaa kulia na upande wa kushoto ndo kuna shimo la giza, boda anaweza kukaa pale usimuone kabisa. Lori la kufundishia lenye mira ya kushoto iliyofungwa kwa mpira wa ndani linakufundisha kutokuangalia kushoto, na hiyo tabia utaenda nayo barabarani. Angalia stika ya bima, usiwe na haya. Wewe ndo utakuwa umeshika usukani siku likigonga.

Afu omba kupanda juu na kuwasha. Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Gari kubwa linafunga breki kwa upepo na kila mtu anajua hivyo, lakini wengi hawajui kwamba breki ya kuegesha inafanya kazi kinyume na unavyodhani. Kule nyuma kwenye magurudumu kuna springi ngumu sana ambayo muda wote inataka kufunga, na upepo ndo unaishikilia isifunge. Upepo ukiisha springi inafunga yenyewe na lori haliendi popote. Kwa hiyo ukiwasha, macho kwenye geji mbili za upepo. Buza inalia, mishale inapanda, buza inanyamaza, mshale unaendelea mpaka bar 8 au 10 kutegemea gari, afu unasikia "pshhhh" chini. Hapo mitungi imejaa. Likichukua nusu saa kujaa jua kompresa imechoka au kuna mahali linapumua.

Sasa zima injini, lori liwe sehemu tambarare na mawe yamewekwa kwenye tairi, achia handibreki, kaa kimya dakika chache uangalie mshale. Ukiteremka huku unauona, kuna uvujaji. Baada ya hapo washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia breki mara nyingi, upepo unapungua, buza lazima ilie. Isipolia hilo gari halina wa kukwambia kwamba breki zinaisha. Endelea kukanyaga mpaka handibreki ijifunge yenyewe. Zoezi zima halizidi robo saa na mwalimu wa maana atafurahi umeuliza. Mwalimu akikasirika umeshapata jibu.

Jana asubuhi kijana wangu kaenda kufanya hivyo kwenye kile chuo chake cha wiki mbili. Kanitumia video. Injini inaunguruma, mshale wa geji moja umelala sifuri hautikisiki, na sauti ya mtu nyuma inasema "hiyo geji mbovu we usiijali". Nikamwambia panda daladala rudi.

Bado tuko kwenye lori: tela na gia

Uliza kama tela linakatwa na kuunganishwa au limefungwa hapo miaka yote. Vyuo vingine wana semi kweli lakini tela halijawahi kutoka kwenye kichwa, wanaogopa kusumbuka. Sasa kazini siku ya kwanza unaambiwa kaache tela hili bandarini uje na lile. Unatakiwa ujue kushusha miguu ya tela, kuchomoa mipira miwili ya upepo, nyekundu na njano, na waya wa umeme, kuvuta mkono wa kufungua kingpini, ile pini nene chini ya tela, na kutoka taratibu. Na kuunganisha ndo hatari zaidi, ukishasikia "klap" usiamini sikio, washuke watu, wewe mwenyewe chukua tochi uingie chini uone taya zimeibana kingpini, afu rudi juu weka gia ndogo uvute kidogo huku breki za tela zimefunga. Likishika limeshika. Nimewahi kuona tela limelala peke yake katikati ya geti la yadi, kichwa kimeshafika barabarani, dereva anashangaa mbona gari jepesi.

Gia. Kuna ubishi hapa, kampuni nyingi sasa hivi zinaleta gari za otomatiki, na dogo anaweza kusema mi nisome otomatiki basi. Mimi nakataa. Soma manyuo, yaani gia za mkono. Mtu wa manyuo ukimpa otomatiki siku moja tu anaendesha, wa otomatiki ukimpa Howo ya gia au Scania ya zamani anaanza upya, na hizo ndo utakazopewa ukiwa mgeni, gari mpya wanapewa wakongwe. Kwenye manyuo kubwa kuna kaswichi kwenye nobu ya gia, unapanda moja mpaka nne chini, unakanyanyua, mkono unarudi pale pale ulipokuwa unaweka moja lakini sasa ni tano. Watu wanasahau kaswichi, unaomba tano unapelekewa moja, giaboksi inalia kama mbuzi. Kitu kama hicho kinaingia mkononi kwa kurudia rudia, sio kwa kuelezewa ubaoni.

Na mzigo! Uliza kama tela lina uzito wowote juu. Vyuo karibu vyote vinafundisha tela tupu, naelewa dizeli ni ghali, lakini hata wakiweka vipande vya zege au mchanga kidogo inasaidia. Lori tupu linaruka ruka na tairi zinakwama haraka ukifunga breki, lenye mzigo halisimami ulipolitaka lisimame. Ni kama magari mawili tofauti. Chuo kikiwa na hata siku moja ya mzigo, kipe maksi za ziada.

Hatua ya 2: hesabu dakika za usukani

Chukua kalamu. Wanafunzi 12, lori moja, wanatoka saa 4 kwa siku. Hizo ni dakika 240, gawa kwa 12, unapata dakika 20 kwa mtu. Wiki mbili ina siku 10 za masomo, dakika 200. Yaani saa 3 na dakika 20 ndo umeendesha, na hapo hatujatoa foleni ya sheli na mwalimu kusimama kununua vocha.

Kwa hiyo usilinganishe ada na ada, linganisha ada na saa. Mfano tu, chuo cha laki 3 kinachokupa hizo saa 3 na kidogo kinakuuzia saa moja kwa karibu elfu 90. Chuo cha laki 9 kinachokupa saa 20 kinakuuzia saa kwa elfu 45. Cha ghali ndo rahisi. Uliza maswali matatu tu: mko wangapi kwenye lori moja, lori linatoka saa ngapi kwa siku, na siku likiharibika mnafidiaje? Majibu waandike kwenye risiti au karatasi yenye muhuri. "Usijali utaendesha mpaka uchoke" sio jibu.

Kukaa kabini ukiangalia mwenzio anaendesha nako ni darasa, sikatai, mi nimejifunza mengi nikiwa utingo. Lakini kabini ikae watu wawili watatu, sio darasa zima wamepandishwa juu ya tela kama magunia, hiyo nayo nimeiona kwa macho.

Hatua ya 3: mpime mwalimu

Muulize kistaarabu, mwalimu shikamoo, samahani, ukishuka mteremko wa Kitonga kule Iringa na mzigo unashuka na gia gani? Kaa usikilize. Aliyewahi kushuka atakwambia gia unachagua juu kabla mteremko haujaanza, ndogo, afu injini na breki ya ekzosi ndo zinabeba gari, mguu unakanyaga breki kwa kushindilia kidogo kupunguza mwendo na kuachia ipoe. Asiyewahi kushuka atakwambia unakanyaga breki kidogo kidogo mpaka chini. Huyo ndo anayechoma breki, lainingi zinapata moto, zinatoa moshi na harufu ile kali, ukija kuzihitaji hazishiki tena, na ukiwa katikati ya mteremko gia ndogo haiingii kirahisi. Muulize na mteremko wa Iwambi pale Mbalizi. Dereva wa njia ya Tunduma lazima ana stori ya Iwambi.

Mwalimu mzuri pia hapigi kelele. Siku ya kurudisha tela kinyumenyume utakosea mara 30, ukiwa na mtu anayekutukana unaanza kumwangalia yeye badala ya mira. Kwa faida tu: shika usukani kwa chini kabisa, palipo namba 6 kwenye uso wa saa, ukiusogeza mkono kulia na mkia wa tela unaenda kulia. Nenda pole kuliko unavyodhani ni pole. Likianza kukunja usibishane nalo, nenda mbele, nyoosha, anza tena. Na ukiweza kuchagua, rudi ukikunjia upande wako wa dereva ambako unaona.

Hatua ya 4: soma ratiba yao, tafuta mzani

Kama kwenye ratiba hamna somo la mzani, hao wanafundisha kuendesha sio udereva. Kutoka Dar mpaka Tunduma unapimwa Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba, na sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inahesabu ekseli moja moja, yaani kila mhimili wa magurudumu, sio jumla peke yake. Ekseli ya mbele ya stelingi tani 8, moja yenye tairi pacha tani 10, mbili za pamoja 18, tatu za pamoja 24, na jumla haizidi 56. Sasa kichwa chenye ekseli mbili nyuma na tela la tatu ni 8 na 18 na 24, yaani 50. Gari na mzigo wake vikiwa ndani ya 50 lakini mzigo umekaa mbele sana bado umezidisha kwenye ekseli. Unayeanza kuulizwa dirishani ni wewe, bosi yuko Dar anakula kiyoyozi. Basi ujue kuangalia mzigo unapakiwaje kabla hujafunga turubai.

Spidi na mengine yote unajua, 80 kwa gari la zaidi ya tani 3 na nusu, 50 kwenye makazi, tochi iko nyuma ya mwembe.

Hatua ya 5: sasa ndo chuo

Kwa mtu mwenye muda na hela kidogo, NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo wana kozi za magari ya mizigo na ya abiria, chuo cha serikali tangu 1975, cheti chao mwajiri hakuulizi mara mbili. VETA nao wana udereva, sio kila tawi lina magari makubwa kwa hiyo piga simu kabla hujapanda basi. Shida ya huku ni kusubiri, wanaingiza kwa awamu na nafasi zinajaa, usiende siku ukiwa na haraka.

Vya binafsi vipo vizuri kabisa, sisemi vyote vibovu. Omba kuona usajili wao, afu nenda kwa trafiki wa mkoa ukaulize kama wanakitambua, ni safari ya nusu siku. Tafuta watu wawili waliomaliza pale, wapate kwenye yadi za malori sio kwa namba uliyopewa na chuo. Na ukisikia "cheti unaweza kupata bila kuja kila siku", toka. Mtihani wa trafiki upo, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nao wana mtihani wao wa kuthibitisha madereva wa magari ya biashara, na kampuni zinakurushia funguo kama nilivyorushiwa mimi. Huko kote karatasi haiendeshi.

Lipa kwa awamu. Nusu mwanzo, nusu ukishafika kwenye tela. Wakikataa kabisa, jiulize kwa nini.

Hatua ya 6: siku ya mtihani na baada ya hapo

Hakikisha gari la mtihani ni lile lile ulilofundishiwa. Jana yake omba nusu saa, hata kwa kulipia, ulishike tena. Klachi za malori hazifanani, moja inashika juu nyingine chini, na kuzima injini mbele ya afande ni kitu kinachotetemesha miguu.

Leseni ikitoka usikimbilie kuomba gari la Kongo. Omba safari mbili tatu za kukaa pembeni na dereva mkongwe, utamletea chai utamfungia turubai, sawa tu. Ukifika Kasumbalesa utaelewa kwa nini: Zambia mnaendesha kushoto, Kongo kulia, unavuka mpaka na barabara inahama upande wakati stelingi yako imebaki kulia. Ukitaka kupita gari lililo mbele huoni kitu mpaka uwe umeshajitoa karibu kichwa kizima, kwa hiyo mkongwe anaachia nafasi kubwa na anamtumia utingo upande wa kushoto amwambie kama njia ni nyeupe. Rusumo ni hivyo hivyo. Siku hizo kaa wewe upande huo wa utingo, usilale, umsomee barabara.